BWAWA LA MTO NA MAFURIKO YA KYELA

Mkulima wa Kyela hana haja ya kufundishwa mafuriko ni nini. Kila mwaka, mvua za Machi na Aprili zinapofikia ukali wake, huyaona mlangoni pake. Lakini liko jambo moja ambalo yafaa tujifunze pamoja katika karatasi hii, nalo ni kazi ya bwawa lililojengwa mtoni: laweza kuzuia nini, haliwezi kuzuia nini, na mtu akaaye chini yake imempasa kufanya nini. Habari hii si ya mbali. Kwa miaka mingi twasikia ya kwamba mto Songwe utafungwa kwa bwawa, na maneno mengi husemwa barazani juu yake, mengine ya kweli, mengine ya matumaini tu.

Neno lenyewe bwawa lina maana mbili, nazo zote mbili zatuhusu. Bwawa ni mahali pa matope na matete ambapo maji hutuama yenyewe, kama mahali pengi karibu na ziwa letu; na bwawa ni maji yaliyokusanywa na watu kwa kujenga ukuta au tuta katikati ya mto. Humu nitakapotaka kusema lile la kwanza nitasema bwawa la asili.

Maji hutoka wapi

Tazama nchi yetu ilivyo. Kaskazini iko milima ya Rungwe na Poroto. Mashariki Milima ya Livingstone yateremka wima hata Matema. Magharibi ni nchi ya juu ya Ileje. Katikati na kusini ni tambarare, iliyoinuka kidogo tu juu ya ziwa. Ziwa Nyasa liko kiasi cha meta 474 juu ya usawa wa bahari, hali kilele cha mlima Rungwe chapita meta 2,900. Basi maji ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka juu mno katika safari fupi, na nchi yenyewe hupata mvua ya milimeta 2,000 kwa mwaka na zaidi.

Mto ushukao mlimani ni kama mtu ashukaye na mzigo: hufika chini akautua. Mzigo wa mto ni mchanga na tope. Maji yakifika tambarare, kasi yao huisha, na mchanga hubaki katika mkondo. Mwaka kwa mwaka kina cha mto hupungua, hata siku moja mvua kubwa inapokuja mto hauna nafasi ya kutosha, nao huvunja ukingo na kutafuta njia nyingine. Ndiyo sababu mto Songwe huhamahama. Si hasira ya mto, wala si uchawi, ni mchanga.

Hapo pana neno ambalo mito mingine haina. Tangu mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya tarehe 1 Julai 1890, mto Songwe ulifanywa kuwa mpaka, na leo ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Mpaka ukiwa ni mto, na mto ukihama, mkulima aliyelala katika nchi yake aweza kuamka na kuona shamba lake limebaki ng'ambo. Watu wa pande zote mbili ni ndugu, wanaoana na kuuziana mpunga pale Kasumulu, na kwa kawaida mambo haya humalizwa na wazee. Lakini serikali mbili haziwezi kuwa na mpaka usiojulikana uliko. Kwa hiyo shauri la kuutuliza mto lilianza kwa ajili ya mpaka pamoja na mafuriko, na umeme ukaongezwa juu yake.

Bonde zima la Songwe ni la kilometa za mraba zipatazo 4,200, na mto wenyewe una urefu wa kilometa 200 hivi. Upande wetu bonde hilo lagusa wilaya za Kyela, Ileje, Mbozi na nyingine. Upande wa Malawi lagusa Chitipa na Karonga. Mwaka 2017, mwezi wa Mei, serikali za nchi mbili zilitia sahihi mapatano ya kuunda Kamisheni ya pamoja ya bonde hili. Katika mpango wake yamo mabwawa matatu, la juu, la kati na la chini. Lililotangulizwa ni la chini, ambalo limekusudiwa kutoa umeme wa megawati 180 hivi, kunywesha mashamba ya hekta zipatazo 6,000 katika nchi zote mbili, na kupunguza mafuriko katika tambarare. Hilo ndilo bwawa ambalo watu hulisema kana kwamba limekwisha kusimama. Halijasimama. Mapatano yametiwa sahihi na vipimo vimefanywa, lakini ukuta wenyewe haujajengwa, wala msimu ujao wa mvua hautaungoja.

Namna bwawa lizuiavyo mafuriko

Wengi hudhani bwawa huzuia maji yasipite. Sivyo. Maji yote yajayo bwawani lazima yapite siku moja, isipokuwa yale yanayokaushwa na jua au kunywesha mashamba. Kazi ya bwawa ni kuyachelewesha. Hupokea maji mengi kwa saa chache, huyatoa kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Tufanye hesabu. Namba hizi nimezichagua ziwe nyepesi, si vipimo vya Songwe. Tuseme mvua kubwa milimani yaleta meta za ujazo 500 kila nukta ya saa, kwa muda wa saa 10. Tuseme tena mkondo wa mto katika tambarare waweza kuchukua meta 200 tu kila nukta bila kumwagika. Zilizobaki, yaani meta 300 kila nukta, hupanda ukingo na kuingia mashambani. Saa 10 zina nukta 36,000. Zidisha kwa 300, utapata meta za ujazo 10,800,000. Hayo ndiyo mafuriko. Kumbuka ya kuwa meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, nawe utaelewa kwa nini nyumba ya udongo haisimami.

Sasa weka bwawa juu ya tambarare, lenye nafasi tupu ya meta 10,800,000. Lapokea 500, latoa 200, lahifadhi 300. Baada ya saa 10 limejaa, na mvua imekatika. Sasa lazima lile lililohifadhiwa litolewe. Kwa mwendo wa meta 200 kila nukta, kazi hiyo yachukua saa 15 zaidi, hata kama hatuhesabu maji ya kawaida ya mto. Basi mtu wa chini hakuona mafuriko, ila ameuona mto umejaa hata ukingoni kwa muda wa saa 25 badala ya saa 10. Yeye aliyezoea kusema, "Mvua imekatika tangu jana, mto utakuwa umepungua, nitavuka," sasa amekosea. Chini ya bwawa, mto haufuati mvua. Hufuata mlango wa bwawa.

Tuendelee mbele kidogo. Mvua nyingine kama ile ikinyesha saa 5 baada ya ile ya kwanza kukatika, bwawa limepata kutoa theluthi moja tu ya maji yake. Nafasi iliyopo haitoshi. Litapokea kwa muda, kisha litajaa, na maji yatakayozidi yatapita juu ya utoro, yaani ile njia ya pembeni iliyojengwa makusudi kutolea maji yasiyo na nafasi. Saa hiyo maji yatakayoingia ndiyo yatakayotoka. Hapo bwawa haliyazidishi mafuriko, wala haliyapunguzi tena.

Kwa hiyo jambo la kulinda watu si ukubwa wa bwawa peke yake, bali ni nafasi tupu iliyomo siku mvua inapoanza. Mtungi mkubwa uliojaa haupokei hata kibaba kimoja.

Nao ndio ugomvi uliomo katika kila bwawa la kazi nyingi. Mwenye umeme ataka bwawa lijae, kwa kuwa maji yaliyo juu husukuma mashine kwa nguvu zaidi. Mwenye kumwagilia ataka lijae kabla ya kiangazi. Mwenye nyumba katika tambarare ataka liwe nusu tupu kabla ya Machi. Hawa watatu hawawezi kupata yote wanayoyataka. Lazima iwepo amri iliyoandikwa, isemayo kila mwezi maji yasipite alama gani, na lazima awepo mtu wa kuitunza amri hiyo hata mwaka ule ambao umeme ni haba. Bwawa la Songwe litakapojengwa, hili ndilo swali la kwanza ambalo mjumbe wa kijiji cha tambarare apaswa kuliuliza, kabla ya swali la fidia na kabla ya swali la kazi za kibarua.

Tulipata mfano katika nchi yetu wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ni kubwa kupita yote tuliyo nayo. Laweza kukusanya meta za ujazo zipatazo bilioni 32, nalo lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mvua za mwisho wa mwaka 2023 na masika ya mwaka 2024 zilikuwa nyingi mno, bwawa likajaa, ikalazimu maji yafunguliwe, na mwezi wa Aprili 2024 mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti zikafunikwa. Wakuu wa bwawa walieleza kwamba pasipo bwawa maji yangekuwa mengi zaidi. Wenyeji waliopoteza mpunga na mahindi waliona milango imefunguliwa. Mimi naona hakuna haja ya kumfanya mmoja wao mwongo. Rufiji ilifurika tangu zamani za kale kabla ya bwawa lolote, na bwawa lililojaa lazima lifunguliwe. Lakini mtu wa chini hawezi kupima kilichozuiliwa; huona kilichomfikia. Kwake faida ya bwawa ni kupata habari mapema ili ahame na mbuzi wake.

Maji ambayo bwawa haliyafikii

Bwawa hushika maji ya juu yake tu. Mvua inyeshayo Kyela kwenyewe, chini ya bwawa, hailijui. Mvua ya milimeta 100 katika siku moja, ambayo kwetu si ajabu, huweka juu ya kila hekta meta za ujazo 1,000. Kama mitaro imezibwa na mto umejaa, maji hayo hayana pa kwenda. Bwawa la Songwe, hata likijengwa vyema, halitapunguza tone la Kiwira, wala la Mbaka, wala la Lufilyo. Mtu wa Katumba Songwe atapata nafuu kubwa. Mtu wa Ipinda asitegemee.

Tena liko ziwa. Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani mto Shire, mbali kusini katika Malawi. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa, ziwa lote huinuka, na mito yetu hukuta maji ya ziwa yamesimama mdomoni ikashindwa kumwaga upesi. Wazee wanakumbuka miaka ya 1979 na 1980, ziwa lilipopanda juu sana. Na mwaka 2024 lilipanda tena hata likaingia majumbani kwa watu wa pwani, hasa upande wa Malawi. Kinyume chake, kati ya mwaka 1915 na 1935 ziwa lilikuwa chini hata Shire haikutoa maji ziwani, mdomo wake ukazibwa na mchanga. Watu wa Malawi walijenga kizuizi cha milango pale Liwonde mwaka 1965 ili waongoze maji ya Shire, lakini kizuizi hicho chaweza kuongoza kiasi kidogo tu. Ziwa lenye urefu wa kilometa zaidi ya 550 haliamriwi kwa milango.

Basi, ewe msomaji, ukiulizwa kama bwawa litamaliza mafuriko ya Kyela, jibu lako liwe: litapunguza ya Songwe, katika miaka mingi, kama limetunzwa na nafasi imeachwa. Jibu hilo halipendezi barazani, ila ndilo lililo sawa.

Iko na hasara ambayo haina budi kusemwa. Ule udongo mweusi uoteshao mpunga wetu, ambao husifiwa sokoni kwa harufu yake hata Dar es Salaam, uliletwa na mafuriko. Bwawa hulikamata tope hilo na kulituliza chini yake. Maji yatokayo ni maangavu, nayo kwa kuwa hayana mzigo huwa na nguvu ya kula kingo na kitako cha mto. Baada ya bwawa la Nyumba ya Mungu kujengwa katika mto Pangani miaka ya 1960, mabwawa ya asili ya Kirua yaliyo chini yake yalipungukiwa na mafuriko ya kila mwaka, nayo malisho na uvuvi wa pale ukabadilika. Mkulima wa Songwe ajue mapema kwamba shamba lililokuwa likirutubishwa bure litahitaji samadi.

Hatari ya bwawa lenyewe

Mwezi wa Septemba 2023 mvua kubwa ya tufani ilinyesha katika nchi ya Libya, juu ya mji wa Derna. Juu ya mji huo yalikuwapo mabwawa mawili yaliyojengwa katika miaka ya 1970, nayo yalijengwa makusudi kuulinda mji na mafuriko. Watu walijenga nyumba zao hata kandokando ya korongo, kwa kuwa kwa miaka mingi korongo lilikuwa kavu. Mabwawa hayakutunzwa ipasavyo. Usiku ule yote mawili yakavunjika, na maelfu ya watu wakachukuliwa hata baharini wakiwa vitandani.

Mfano wa karibu ni Solai, katika Nakuru nchini Kenya. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, tuta la udongo la bwawa la shamba moja kubwa lilivunjika wakati wa masika, na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Lile halikuwa bwawa la serikali wala la umeme. Lilikuwa bwawa la shamba tu. Nimelitaja kwa sababu vijiji vyetu navyo vinayo malambo ya kunywesha ng'ombe na kufugia samaki, na mwenye lambo hujiona hana hatari.

Kwa hiyo mwenye lambo na alitembelee tuta lake kila juma wakati wa mvua. Tuta la udongo huvuja kidogo, na maji ya kuvuja yakiwa safi hakuna haja ya kukimbia. Lakini yakitoka na tope, jua ya kuwa udongo wa ndani unachukuliwa, na tuta lina shimo usiloliona. Hapo mwite mhandisi upesi, na watu wa chini waambiwe siku hiyo hiyo. Usipande mti juu ya tuta: mti ukifa, mizizi huoza, nayo huwa mifereji. Mashimo ya panya na kaa yazibwe kwa udongo ulioshindiliwa. Utoro usifungwe kwa matawi ili samaki wasitoke. Nimekwisha kuona hivyo mara nyingi kuliko inavyofaa. Maji yakikosa utoro yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo lililopitwa juu na maji huvunjika kwa muda mfupi sana.

Hatari ya pili ni ya moyoni. Bwawa likikaa miaka 10 bila mafuriko, watu husogea. Kwanza hulimwa bustani ya mboga ukingoni, kisha hujengwa kibanda cha kuilinda, kisha nyumba ya matofali, kisha duka. Sisi tuliosoma shule za misheni twaijua habari ya nyumba iliyojengwa juu ya mchanga. Walakini twaona mchanga huo huo ukipimwa viwanja. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu katika meta 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mto peke yake.

Kazi ya kufanya sasa

Maadamu bwawa halijajengwa, kazi yake nyingine yaweza kufanywa na nchi yenyewe. Bwawa la asili lenye matete ni ghala la maji lisilo na mlango: hupokea mafuriko, huyatuliza, huyachuja tope, huyatoa polepole. Kila bwawa la asili likaushwalo ili kuongeza majaruba machache huwapelekea majirani maji yale lililokuwa likiyashika. Sisemi lisilimwe hata moja. Nasema kijiji kikae kwanza na kuuliza maji yale yatakwenda kwa nani.

Ukingo usilimwe hata mwisho wake. Acha matete na majani marefu yashike udongo. Nyuma yake panda mianzi au miti ya mizizi mingi. Kakao, ambayo wengi wetu twaipenda kwa fedha yake, hushika udongo vema kuliko mahindi, maana haing'olewi kila mwaka. Kule juu, Rungwe na Ileje, mwenzetu akilima kwa makinga maji, mchanga hupungua kwetu. Si rahisi kumwambia mtu wa mlimani afanye kazi kwa faida ya mtu wa ziwani, lakini udongo anaoupoteza ni wake, na hapo ndipo pa kuanzia maneno.

Nyumba mpya ijengwe mahali pa juu, na kama hapana, msingi uinuliwe kupita alama ya maji makubwa kuliko yote yanayokumbukwa na wazee. Alama hiyo ipigwe rangi kwenye mti mkubwa au ukuta wa shule, pamoja na mwaka wake, maana wazee hawakai milele. Kihenge kisimame juu ya nguzo. Mpunga ulioiva usiachwe shambani kungoja bei wala kungoja wavunaji wa rafiki yako; mafuriko ya mwisho wa Aprili na Mei huwakuta wenye kukawia.

Sikiliza redio wakati wa masika, kwani Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa habari ya mvua kubwa kabla hazijanyesha. Kila kitongoji kichague watu wawili wa kuutazama mto, na kipatane juu ya ngoma au filimbi ambayo haitapigwa kwa jambo jingine lolote, arusi wala mpira. Bwawa litakapokuwapo, ngoma hiyo iunganishwe na mlinzi wa milango. Tuseme maji yaenda kilometa 6 kwa saa, na bwawa liko kilometa 30 juu yenu: mlango ukifunguliwa saa mbili usiku, maji yatafika saa saba usiku. Saa 5 zatosha kuwahamisha wazee, watoto na ng'ombe, kama simu imepigwa saa mbili. Ikipigwa saa sita, yatosha kuamka tu.

Usivuke mto uliojaa. Maji yaendayo kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima, na tope huficha mashimo na magogo. Mtoto wa shule asitumwe kuvuka kwa sababu ya mtihani. Mwalimu mwema atamngoja. Kumbuka pia mamba: mto ukipanua mipaka yake, naye hupanua ya kwake, na katika shamba la mpunga lililofurika haonekani.

Maji yakipungua, kazi haijaisha. Vyoo vimemwagika, na kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko si kisima tena mpaka kimetiwa dawa. Chemsha maji yote ya kunywa, hata yaonekanayo safi, kwa ajili ya kipindupindu. Mpunga wa mbegu uliolowa usirudishwe kihengeni. Uanike kivulini penye upepo, kwa tabaka nyembamba, ukiugeuza mara kwa mara siku nzima. Ukikauka, hesabu punje 100, uzifunge katika kitambaa kilicholowa, ukilowanishe kila asubuhi, na siku ya kumi ufungue. Zikiwa zimeota 80 au zaidi, mbegu yafaa. Zikipungua hapo, mpunga huo ukoboe ule, ukaombe mbegu nyingine kwa jirani aliye mahali pa juu mapema, kabla wengine hawajamfikia.